Kabla ya Kulipa Ada ya Kwanza: Namna ya Kulinganisha Vyuo Vikuu Viwili Binafsi

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Kidato cha Sita yanapotangazwa, familia nyingi za Dar es Salaam huketi kufanya uamuzi mmoja mzito. Mtoto amefaulu, lakini si kwa kiwango cha kumhakikishia nafasi katika chuo kikuu cha umma kwa shahada anayoitaka. Mbele ya mzazi zipo barua mbili za udahili kutoka vyuo vikuu binafsi. Kimoja kinatoza ada ndogo kuliko kingine. Kimoja kinasifika kwa kuchuja waombaji, kingine kinasemekana kupokea karibu kila mwenye sifa. Mzazi anauliza: nichague kipi?

Makala haya yanamwelekeza mlaji wa huduma ya elimu namna ya kujibu swali hilo kwa hesabu badala ya uvumi. Jambo kuu tunalotaka msomaji aondoke nalo ni hili: urahisi wa kudahiliwa na unafuu wa ada ya mwaka wa kwanza havitoshi kupima gharama ya chuo. Kipimo cha haki ni gharama ya kufika mwisho, yaani fedha zote zitakazolipwa tangu siku ya kuripoti hadi siku ya kutunukiwa shahada.

Linganisha shahada moja kwa shahada ileile

Kosa la kwanza linalofanyika ni kulinganisha majina ya vyuo. Chuo kimoja huwa na shahada za ada tofauti sana, na muda wa masomo hutofautiana kati ya miaka mitatu, minne na mitano. Kwa hiyo chagua kwanza shahada, kisha linganisha vyuo vinavyoifundisha.

Tuchukue mfano wa Shahada ya Udaktari wa Tiba, ambayo ni ya miaka mitano na ndiyo miongoni mwa shahada zinazowagharimu wazazi zaidi. Katika Manispaa ya Kinondoni pekee, vyuo vikuu binafsi viwili vinaifundisha. Cha kwanza ni Chuo Kikuu cha Kairuki kilichopo Mikocheni. Kilianzishwa mwaka 1997 na hayati Profesa Hubert Kairuki, na kwa miaka mingi kilijulikana kama Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Hubert Kairuki. Kimekua sambamba na hospitali yenye jina hilohilo. Cha pili ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Joseph Tanzania, chenye makao makuu Mbezi Luguruni, kando ya Barabara ya Morogoro, ambacho masomo yake ya tiba hutolewa Boko Dovya, kando ya Barabara ya Bagamoyo. Chuo hiki kinaendeshwa na shirika la masista la Daughters of Mary Immaculate, lenye asili ya India.

Hatuvitaji vyuo hivi ili kumpendekezea msomaji kimojawapo. Tunavitaja kwa sababu vinaonyesha vizuri hali halisi: shahada ni moja, mdhibiti ni mmoja, manispaa ni moja, lakini historia, mahali na mpangilio wa malipo ni tofauti. Viwango vya ada havikuchapishwa humu kwa kuwa hupangwa upya. Mwombaji apate mchanganuo wa ada wa mwaka husika kutoka chuo chenyewe, kwa maandishi.

Sifa za chini ni zilezile. Ushindani ndio unaotofautiana

Wazazi wengi hudhani kwamba chuo binafsi kinaweza kujipangia sifa za udahili kinavyotaka. Sivyo. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), iliyoanza kazi mwaka 2005, huweka sifa za chini zinazovibana vyuo vyote, vya umma na vya binafsi. Chuo kinaruhusiwa kuweka sharti la juu zaidi ya hapo, lakini hakiruhusiwi kushuka chini yake.

Kwa mhitimu wa Kidato cha Sita wa kuanzia mwaka 2016, pointi huhesabiwa hivi: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kwa shahada nyingi, sharti la jumla ni ufaulu mkuu, yaani daraja A hadi E, katika masomo mawili yanayohusika na shahada hiyo, yenye jumla ya pointi zisizopungua 4. Kwa Udaktari wa Tiba sharti ni kali zaidi: ufaulu mkuu katika Fizikia, Kemia na Biolojia, jumla isiyopungua pointi 6, na kila somo lisiwe chini ya daraja D.

Hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Mwanafunzi mwenye B ya Biolojia, B ya Kemia na E ya Fizikia ana pointi 9, lakini hana sifa ya kusomea udaktari kwa sababu ya ile E. Mwenzake mwenye C ya Biolojia, D ya Kemia na D ya Fizikia ana pointi 7 tu, naye ana sifa. Mtu akikuambia kwamba chuo fulani kitampokea mtoto wako mwenye E ya Fizikia kwa shahada hii, tahadhari. Ama mtu huyo hajui kanuni, ama anatafuta fedha yako.

Ikiwa sifa za chini ni zilezile, chuo kimoja huwaje kigumu kuingia kuliko kingine? Jibu ni idadi ya nafasi na wingi wa waombaji. Chuo chenye nafasi chache na waombaji wengi huanza kuchukua wenye pointi za juu, na nafasi huisha kabla ya kuwafikia wenye pointi 6 au 7. Ndiyo maana mwombaji anaweza kuwa na sifa za chini za Muhimbili na asichaguliwe, kisha akachaguliwa na chuo binafsi kwa cheti hichohicho. Kukosa nafasi si sawa na kukosa sifa.

Ili kupima ushindani, tafuta mambo mawili. La kwanza ni idadi ya nafasi za shahada husika, ambayo huonyeshwa katika Kitabu cha Mwongozo wa Udahili kinachotolewa na TCU kila mwaka na kupatikana bila malipo katika tovuti yake. Kitabu hicho kimeandikwa kwa Kiingereza. Mzazi asiyeizoea lugha hiyo amwombe mtoto amsomee safu ya sifa, safu ya muda wa masomo na safu ya idadi ya nafasi. La pili ni pointi za mwanafunzi wa mwisho aliyechaguliwa mwaka uliopita. Hilo liulizwe katika ofisi ya udahili ya chuo.

Gharama: zaidi ya mstari wa ada

Mchanganuo wa ada huwa na mstari mmoja mkubwa na mistari mingi midogo. Mstari mkubwa ni ada ya masomo. Midogo ni usajili, kitambulisho, mitihani, maktaba, umoja wa wanafunzi, mafunzo kwa vitendo, tozo ya uthibiti ubora inayopelekwa TCU na bima ya afya. Kwa shahada za afya huongezwa koti la maabara, vifaa vya uchunguzi na gharama za mafunzo hospitalini. Mistari hii midogo ikijumlishwa yaweza kubadili kabisa picha uliyokuwa nayo.

Kisha ipo gharama isiyoandikwa na chuo: mahali pa kuishi na usafiri. Kwa mkazi wa Bunju au Tegeta, Boko ni jirani, na mwanafunzi anaweza kulala kwao. Kwa mkazi wa Mbagala, Temeke, kufika Boko asubuhi ni kuvuka jiji zima kutoka kusini hadi kaskazini, na mwanafunzi wa tiba anayetakiwa wodini mapema hatamudu safari hiyo kwa miaka mitano. Atapanga chumba, na wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam hudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Hivyo chuo kilicho nafuu kwa jirani yako chaweza kuwa ghali kwako, ingawa ada yenu ni moja.

Tazama hesabu hii. Tarakimu ni za mfano tu na si viwango vya chuo chochote kilichotajwa humu.

Chuo cha Kwanza: ada ya masomo shilingi 5,400,000, michango mingine 900,000, chumba na usafiri 1,500,000. Jumla kwa mwaka ni shilingi 7,800,000. Kwa miaka mitano ni shilingi 39,000,000.

Chuo cha Pili: ada ya masomo shilingi 6,000,000, michango mingine 400,000, mwanafunzi analala nyumbani, usafiri 800,000. Jumla kwa mwaka ni shilingi 7,200,000. Kwa miaka mitano ni shilingi 36,000,000.

Mzazi aliyetazama ada pekee angechagua Chuo cha Kwanza kwa kuwa kina nafuu ya shilingi 600,000 kwa mwaka. Mwisho wa safari angekuwa amelipa shilingi 3,000,000 zaidi.

Uliza pia kama ada imefungwa kwa miaka yote ya masomo au inaweza kupandishwa katikati, na kama chuo kinapokea malipo kwa awamu. Kumbuka vilevile kwamba Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni za mwaka 2025 zinakataza bidhaa na huduma za ndani ya nchi kutangaziwa bei au kutozwa kwa fedha za kigeni. Ada yako iandikwe kwa shilingi, usije ukabebeshwa mzigo wa kupanda kwa dola.

Mkopo hupunguza mzigo, hauuondoi

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) huwakopesha pia wanafunzi wa vyuo binafsi vinavyotambuliwa, na fani za afya zimekuwa katika kundi la kipaumbele. Hata hivyo, kiasi cha mkopo hutegemea tathmini ya uwezo wa familia, na si lazima kilingane na ada ambayo chuo binafsi kinatoza. Tofauti yote hulipwa na mzazi. Fedha ya chakula na malazi ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023, nayo humfaa mwanafunzi katika kujikimu.

Turudi kwenye hesabu yetu. Tuseme mwanafunzi amepata mkopo wa ada wa shilingi 3,000,000 kwa mwaka. Katika Chuo cha Kwanza mzazi atabaki na shilingi 4,800,000, sawa na 400,000 kila mwezi. Katika Chuo cha Pili atabaki na shilingi 4,200,000, sawa na 350,000 kila mwezi. Hili ndilo swali la kujiuliza kwa ukweli: je, kwa mapato ya familia hii, kiasi hicho kinaweza kutengwa kila mwezi kwa miezi 60 mfululizo, huku wadogo zake wakisoma na kodi ya nyumba ikilipwa? Ikiwa jibu ni hapana, ni heri kulijua mwezi huu kuliko kulijua katika mwaka wa tatu. Wapo wanafunzi wanaozuiwa kufanya mitihani kwa sababu ya deni la ada, na fedha iliyokwishalipwa kwa miaka iliyotangulia haiwasaidii kupata cheti.

Mwombaji aanze maandalizi ya mkopo mapema, kwa kuwa cheti cha kuzaliwa huhitaji kuhakikiwa na RITA. Aliyefaulu sana masomo ya sayansi aulizie pia Samia Skolashipu, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/2023. Na asisahau kwamba mkopo ni deni: mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara hadi deni liishe, ingawa ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha ilifutwa mwaka 2021.

Mlango mpana si lazima uwe mlango nafuu

Sasa tuunganishe pande mbili za ulinganisho wetu. Chuo kinachopokea wanafunzi wa pointi 6 na 7 kinatoa fursa ya kweli kwa vijana ambao vinginevyo wasingeipata, na wengi wao huhitimu na kuwa madaktari wazuri. Lakini mtihani wa mwaka wa kwanza hauulizi mwanafunzi aliingia na pointi ngapi. Masomo ya anatomia, fiziolojia na biokemia ni mapana, na asiyefaulu hufanya mitihani ya marudio. Akishindwa tena hurudia mwaka, au huondolewa.

Kurudia mwaka mmoja katika Chuo cha Kwanza cha mfano wetu kunaongeza shilingi 7,800,000, na jumla inafika shilingi 46,800,000. Mkopo nao unaweza kusitishwa kwa mwaka unaorudiwa. Kwa sababu hiyo, mzazi wa mtoto aliyeingia kwa pointi za chini asiulize tu "Je, watampokea?" Aulize pia: "Wakishampokea, watamsaidiaje afaulu?" Chuo makini kitaeleza bila kusitasita: wanafunzi wangapi wa mwaka wa kwanza huvuka kwenda wa pili, wangapi hurudia, yapo masomo ya ziada au hayapo, walimu ni wangapi na wanafunzi hufanyia mafunzo katika hospitali ipi. Chuo kinachokwepa maswali haya nacho kimekujibu.

Hakiki kabla ya kulipa

Julai 2017, TCU ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya na kusimamisha udahili wa programu 75 katika vyuo 22. Baadhi vilirekebisha kasoro na kuruhusiwa tena. Funzo kwa mlaji ni kwamba ithibati si jambo la kudhani. Chuo chaweza kuwa halali lakini shahada moja ndani yake ikawa haijaruhusiwa. Hakikisha jina la chuo, kampasi na shahada vimo katika mwongozo wa TCU wa mwaka huu. Mhitimu wa shahada isiyotambuliwa hawezi kusajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na bila usajili huo hawezi kutibu mgonjwa.

Tangu mwaka 2017 mwombaji huomba moja kwa moja chuoni. Hakuna wakala anayehitajika, na mtu anayeahidi "kukutafutia nafasi" kwa malipo aepukwe. Mwombaji aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hutumiwa namba maalumu ya kuthibitisha chuo kimoja tu, ndani ya muda uliotangazwa. Usilipe ada kabla ya kuthibitisha. Ukilipa chuo kimoja na kuthibitisha kingine, kurejeshewa fedha hutegemea masharti ya chuo, ambayo ni vyema uyasome kwanza. Lipa kwa akaunti ya benki ya chuo au namba ya malipo iliyotolewa na chuo, kamwe si kwa simu ya mtu binafsi, na utunze kila stakabadhi.

Likitokea lalamiko, lianzie kwa maandishi katika ofisi ya chuo inayohusika na ubaki na nakala iliyogongwa mhuri. Usiporidhika, peleka lalamiko TCU. Matangazo ya uongo au ya kupotosha kuhusu huduma yanaweza pia kufikishwa Tume ya Ushindani, kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Maswali ya kubeba mkononi

Mzazi au mlezi achukue karatasi, aigawe safu mbili, na ajaze majibu ya kila chuo:

1. Je, shahada hii katika kampasi hii imo katika mwongozo wa TCU wa mwaka huu?
2. Nafasi ni ngapi, na aliyechaguliwa wa mwisho mwaka jana alikuwa na pointi ngapi?
3. Ada na michango yote ni kiasi gani kwa kila mwaka, tangu wa kwanza hadi wa mwisho?
4. Ada inaweza kupandishwa kwa mwanafunzi anayeendelea?
5. Malipo ni kwa awamu ngapi, na nini hutokea awamu ikichelewa?
6. Kila mwaka wa masomo utafundishwa wapi, na mwanafunzi ataishi wapi?
7. Mtihani wa marudio na kurudia mwaka hugharimu kiasi gani?
8. Mwanafunzi akiacha au akiahirisha masomo, fedha gani hurejeshwa?

Safu zote mbili zikijaa, jumlisha gharama ya miaka yote, toa mkopo unaotarajiwa, kisha gawanya kwa miezi. Ikiwa vyuo vyote viwili vimezidi uwezo wa familia, bado ipo njia. Mwombaji anaweza kuomba shahada nyingine ya afya yenye muda mfupi, kuanza na stashahada, au kuomba tena chuo cha umma katika awamu inayofuata. Uamuzi huo hauna aibu. Ada ya kwanza ikishalipwa ni vigumu kurudi nyuma, hivyo siku chache zinazotumika kujaza karatasi hii zaweza kuokoa akiba ya miaka.